Jukwaa Moja kwa Shule Zote? La Hasha!

Ndugu walimu, imeletwa mbele yetu hoja kwamba chama chetu kichague jukwaa moja la kujifunzia Kiswahili kwa njia ya intaneti, kilipendekeze kwa shule zote za Uganda zifundishazo lugha hii, na kwamba kila shule ilipe ada kwa kila mwanafunzi kila muhula. Hoja imeandikwa vizuri, na walioileta ni watu niwaheshimuo. Hata hivyo naipinga, tena naipinga mapema kabla ya mkutano, ili wenzangu wapate wasaa wa kuyapima maneno yao na yangu.

Sina ugomvi na neno lenyewe. Jukwaa ni neno zuri la Kiswahili, na limekubalika kwa maana hii mpya. Lakini kwa asili jukwaa ni mahali palipoinuliwa ili wachache waonekane na wengi watazame kutoka chini. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo tukiendelea.

Tuanze na sababu iliyoizaa hoja hii, kwa kuwa si sababu ya kuchezewa. Katiba yetu ya mwaka 1995, kwa marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2005, yakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika Februari 2020, ukakifanya kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wa Kiswahili kama lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Haya yote twayafurahia. Baadhi yetu tuliyasubiri tangu tulipokuwa wanachuo wa ualimu. Lakini amri ilisafiri kwa gari na walimu wakaja kwa miguu. Zipo shule nyingi ambamo Kiswahili hufundishwa na mwalimu wa somo jingine aliyewahi kuishi Nairobi au kufanya biashara Mwanza. Zipo nyingine ambamo kipindi cha Kiswahili kimeandikwa ubaoni na hakuna aingiaye darasani. Mkuu wa shule wa namna hiyo akiambiwa kuwa kuna chombo kitakachofundisha mahali pa mwalimu, atakipokea kama mgonjwa apokeavyo dawa asiyoijua. Simlaumu. Namlaumu yule amwuziaye.

Nimehudhuria maonyesho ya kuuza majukwaa haya. Ukumbi ulikuwa wa hoteli, jenereta ikinguruma nyuma, intaneti ya kasi, chai na sambusa. Kijana aliyetumwa na kampuni yake alikuwa mwenye adabu na lugha nyepesi. Alitufungulia video za mazungumzo sokoni, michezo ya maneno yenye rangi, na jedwali lililopanga alama za kila mwanafunzi zenyewe bila mwalimu kushika kalamu. Hapo walimu wengi walishusha pumzi, maana mtaala mpya wataka asilimia 20 ya alama za mwisho zitokane na kazi zifanyikazo shuleni, na sote twajua mzigo wa kuzikusanya. Nilimwuliza: mtandao ukikatika, itakuwaje? Akajibu kwamba ukirudi, mwanafunzi ataendelea pale alipoishia. Nikamwuliza: na usiporudi wiki nzima? Akatabasamu, akamgeukia mwalimu mwingine aliyekuwa ameinua mkono.

Swali hilo si la kubuni. Tarehe 20 Machi 2020 shule zetu zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kikamilifu ila tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko sisi. Katika kipindi hicho masomo yalipitishwa katika redio, televisheni, magazeti na vijitabu vilivyochapishwa. Na kwa wale wenye uwezo, katika intaneti. Kila mmoja wetu alishuhudia mgawanyiko ule. Watoto wa shule chache waliendelea na vipindi vyao mbele ya kompyuta kana kwamba hakuna kilichotokea. Waliobaki, ambao ndio wengi, walilima, wakafyatua matofali, wakauza ndizi barabarani. Na wasichana wengine walirudi wakiwa na watoto mgongoni, au hawakurudi kabisa. Redio zilizoahidiwa kwa kila kaya wengi wetu hatukuziona. Tena katikati ya kipindi hicho hicho, Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano. Siku hizo tano hata mwanafunzi tajiri kuliko wote mjini Kampala alikuwa sawa na mwanafunzi wa Karamoja. Huo ndio usawa pekee ambao jukwaa la mtandaoni limewahi kutuletea.

Kisha iko bei. Mwaka 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 ikaondolewa, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data za intaneti. Sheria ilisamehe data za huduma za elimu na za tiba, na wenye hoja wanautaja msamaha huo kwa furaha. Lakini mzazi anunuaye kifurushi dukani hamwambii muuzaji kwamba megabaiti hizi ni za sarufi na hizi ni za mpira.

Tufanye hesabu ndogo, maana hoja yenyewe haikuifanya. Tuseme video moja ya dakika 10 ina megabaiti 100. Darasa lina wanafunzi 60, na idadi hiyo si kubwa kwa shule zetu. Kila mmoja akiitazama video ile kutoka mtandaoni, darasa limekula megabaiti 6,000, yaani gigabaiti 6, kwa somo moja la dakika 10. Sasa tuseme video ile ile imeshushwa mara moja tu, ikawekwa katika kompyuta ndogo iliyomo darasani, na wanafunzi wakaichukua humo bila kugusa intaneti: gharama ni megabaiti 100, basi. Tofauti ya mara 60 si jambo la ufundi la kuwaachia mafundi. Ni ada ya mtoto.

Na kwani lazima iwe video? Lugha ni sauti kabla ya kuwa kitu kingine. Mazungumzo ya dakika 10 yaliyorekodiwa kwa sauti tupu, kwa kiwango cha kilobiti 32 kwa sekunde kinachotosha kabisa kusikia matamshi, yana megabaiti 2.4. Katika gigabaiti moja hukaa zaidi ya masomo 400 ya namna hiyo, na kadi ya kumbukumbu iliyo ndogo kuliko ukucha hubeba gigabaiti nyingi. Kadi hiyo huingia katika simu ndogo ya tochi aliyo nayo bibi kijijini, na katika redio ya bei nafuu iuzwayo kila soko. Wauzaji hawatuletei sauti tupu kwa kuwa sauti tupu haimeremeti ukumbini.

Nazungumza kama mwalimu wa lugha, na hapa ndipo penye kiini cha pingamizi langu. Hata intaneti ingekuwa bure na umeme usizimike kamwe, bado ningeuliza: jukwaa hili linamfundisha nani? Majukwaa mengi ya Kiswahili tuliyoonyeshwa yametungwa kwa ajili ya mzungumzaji wa Kiingereza anayeanza lugha ya Kibantu kwa mara ya kwanza. Linamweleza kwa subira kwamba nomino zina ngeli. Mtoto wa Kiganda, wa Kisoga au wa Kinyankole alizaliwa ndani ya ngeli. Hahitaji kuelezwa kuwa ziko. Anahitaji kuonyeshwa mahali ambapo lugha yake na Kiswahili hufanana kwa sura na kutengana kwa maana. Katika Kiganda, mwanamke huitwa omukazi. Mwanafunzi akikutana na neno mkazi wa Kampala, husoma mwanamke wa Kampala, na habari nzima hupinduka. Katika Kiganda okuwa ni kupa. Katika Kiswahili kuwa ni jambo jingine kabisa. Kadhalika katika Kiganda sauti ya r hutokea baada ya e na i, na l mahali pengine. Basi mwanafunzi wetu huandika habali badala ya habari, na hiri badala ya hili, bila uvivu wowote, kwa kufuata kanuni anayoijua tangu ziwa la mamaye. Mashine humwekea alama nyekundu, humpa swali jingine, naye hukosea tena kwa kanuni ile ile. Mwalimu aijuaye lugha yake humaliza jambo hilo kwa dakika mbili na chaki.

Twende magharibi. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali wapo watoto wengi waliotoka Kongo ya mashariki, nao huzungumza Kiswahili kila siku, nyumbani, mtoni na kwenye mstari wa chakula. Wengi wao wanakisema kwa wepesi kuliko mwalimu wao. Mtoto husema bitabu, husema banakuya, kama wasemavyo nyumbani kwao, na anasema Kiswahili. Mbele ya jukwaa la maswali ya kuchagua jibu, mtoto huyu ni mjinga: amekosa vitabu, amekosa wanakuja, amepata alama 4 katika 20. Mbele ya mwalimu mwenye akili, mtoto huyu ni hazina ya darasa. Ataombwa awasimulie wenzake hadithi, kisha waandike ubaoni safu mbili, yale ya Kongo na yale ya vitabuni, na darasa zima litajifunza kuwa lugha hii ni kubwa kuliko kitabu kimoja. Je, tutawalipisha watoto wa wakimbizi ada ya kila muhula ili waambiwe kwamba hawajui lugha yao?

Wenye hoja hupenda sana kututajia Tanga, nami nashukuru kwamba wameitaja. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 2017 na 2019, katika mashindano ya kimataifa ya XPRIZE, watoto karibu 2,700 wa vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga walipewa tabuleti zenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwezi Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya Kitkit School na onebillion. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ikapungua kwa nusu. Jambo kubwa hilo, wala silidharau. Lakini wenzetu wanasoma nusu ya sentensi. Ikiwa idadi ilipungua kwa nusu, basi karibu nusu ya watoto walibaki hawawezi kusoma hata neno moja, baada ya miezi 15 ya kuwa na chombo cha thamani mikononi mwao. Walichokosa hao ni nini? Mtu wa kuketi nao.

Tena tutazame jinsi jaribio lile lilivyotengenezwa, maana limetengenezwa kinyume cha hoja iliyo mbele yetu. Programu zile zilifanya kazi bila intaneti. Vijijini vilijengwa vituo vya kuchajia kwa nguvu za jua. Lugha ilikuwa Kiswahili tangu neno la kwanza, na si Kiingereza kilichofasiriwa kwa haraka. Na kwa masharti ya mashindano, programu za washindani zilitolewa bure kwa ulimwengu, mtu yeyote azichukue na kuzirekebisha. Anayetuletea mfano wa Tanga ili tununue jukwaa lisilofunguka pasipo mtandao, lililofungwa kwa kufuli la kampuni, na linalodai ada kila muhula, anatuonyesha mbuzi ili atuuzie kamba.

Majirani zetu wengine nao wana la kutufunza, ingawa sitakaa sana hapo. Rwanda ilianza mwaka 2008 kuwagawia watoto wa shule za msingi kompyuta ndogo, na zilizogawiwa zikapita 200,000. Kenya iliahidiwa kompyuta za watoto wakati wa uchaguzi wa mwaka 2013, na tabuleti zikaanza kufika shuleni mwaka 2016. Katika nchi zote mbili vifaa vilitangulia, na mafunzo ya walimu, umeme na matengenezo vikafuata nyuma vikihema. Lakini Kenya hiyo hiyo, kuanzia mwaka 1980, iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza, ambamo redio iliuliza na watoto wakajibu kwa sauti, mwalimu akiwa katikati yao. Chombo kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Kwa nini fikra hiyo ya zamani tumeitupa jalalani, mimi sijui. Labda kwa sababu redio haina mjumbe wa kuiuza hotelini.

Nisije nikadhaniwa kuwa napinga kompyuta. Vipo vyombo vilivyotungwa na watu waliozijua shule kama zetu. Upo Moodle, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, usio na ada, na ambao shule yaweza kuuweka katika kompyuta yake yenyewe. Lakini wahitaji mtu wa kuutunza, na shule isiyo na mtu huyo isijidanganye. Ipo Kolibri, iliyotolewa na shirika la Learning Equality mwaka 2017 baada ya kazi yao ya kwanza, KA Lite, ya mwaka 2012. Kolibri hukaa katika kompyuta moja ya bei ndogo, hata ile ya ukubwa wa kiganja iitwayo Raspberry Pi, na huwagawia wanafunzi masomo hewani humo humo darasani bila intaneti yoyote. Na maelekezo yake yapo kwa Kiswahili. Ipo Kiwix, ambayo huiweka Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 70,000, ndani ya kikasha hicho hicho. Vyote hivi ni bure kuvichukua.

Hata hivyo sivitangazi kama mganga atangazavyo hirizi. Masomo yaliyomo kwa Kiingereza ni mengi mno na ya Kiswahili ni haba. Vumbi huua kompyuta, betri huchakaa, na chaja moja ikipotea kazi yote husimama. Tena liko gonjwa letu sote: kifaa kikifika shuleni hufungiwa kabatini, ufunguo hukaa mfukoni mwa mkuu, na kabati hufunguliwa siku ya mkaguzi. Nimeona kompyuta zilizozeeka zikiwa na karatasi za nailoni za kiwandani bado juu yake. Chama kikipendekeza chombo chochote bila kusema ni nani atakayeshika ufunguo na saa ngapi, kimependekeza pambo la ofisi.

Sasa niwajibu wenzangu kwa haki. Wanasema jukwaa moja litaleta umoja: mtihani mmoja, msamiati mmoja, kipimo kimoja kwa nchi nzima. Umoja wa mtihani tayari tunao. Mtaala ni mmoja na baraza la mitihani ni moja. Umoja wa chombo ni kitu kingine. Nchi nzima ikila kwa sahani moja, atashiba aliye karibu na sahani. Wanasema tena kwamba nikizianza shule zisizo na umeme nitazirudisha nyuma shule za mjini. La. Shule yenye maabara ya kompyuta na intaneti ya kudumu inaweza kulitumia somo lililorekodiwa katika kadi. Italiweka mtandaoni kwao kwa dakika chache. Bali shule isiyo na mtandao haiwezi kamwe kulitumia somo lililofungiwa mtandaoni. Ngazi hupandwa kuanzia chini, na atakayetaka kuirukia darini kwa mabawa yake hatumzuii. Wala hatuna haja ya kumlipia nauli.

Wanasema pia kwamba wanafunzi wote siku hizi wana simu. Walimu wa bweni mnisaidie kucheka hapa. Shule zetu nyingi huzipiga marufuku simu, na walimu wa zamu huzikusanya katika ndoo. Tutampa mwanafunzi zoezi la kufanya katika simu siku ya Jumatatu, na Jumanne tumchape kwa kuwa nayo?

Hoja moja ya wenzangu ina uzito, nami naikubali: mwalimu amechoka. Darasa la 60, mara 80, kazi za mradi, alama za asilimia 20, na mshahara usiosubiri mwisho wa mwezi. Mashine ya kusahihisha ni faraja. Lakini jedwali la alama halihitaji jukwaa la kulipiwa. Karatasi ya hesabu ya kompyuta moja ya shule, bila intaneti, hulifanya vizuri. Kinachosahihishwa na majukwaa haya ni maswali ya kuchagua jibu, na mtaala mpya umetuambia tuachane nayo, tumpime mtoto kwa analoweza kulifanya kwa lugha: kuandika barua, kueleza njia, kusuluhisha ugomvi, kusimulia. Hakuna hata moja la hayo nililoliona likipimwa katika maonyesho yale.

Jambo jingine nalitaja kwa ufupi, ingawa kwa mzazi huenda ndilo kubwa. Majukwaa haya hukusanya jina la mtoto, umri, shule, makosa yake yote, na mara nyingine mahali alipo. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza bidhaa za elimu zaidi ya 160 zilizopendekezwa na serikali 49 wakati wa korona, likakuta kuwa karibu tisa katika kila kumi zilishughulika na taarifa za watoto kwa njia zilizohatarisha au kukiuka haki zao. Sisi tunayo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019, ambayo hudai idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kuchukuliwa. Katika hoja iliyoletwa, neno mzazi latokea mara moja tu, nalo latokea penye aya ya ada.

Nataka nini, basi? Nataka fedha zile zile zinazokusudiwa kulipia ada ya jukwaa zitumike kutengeneza masomo yaliyo mali yetu. Tuwaite walimu wa Luganda na Lusoga, wa Ateso na Acholi, wa Runyankole na Lugbara, pamoja na wazungumzaji wa Kiswahili cha Kongo waliomo nchini mwetu, wakae wiki mbili wakati wa likizo. Kila kundi liandike makosa yale ambayo wanafunzi wao hufanya kwa sababu ya lugha zao, na maelezo ya kuyaondoa. Tuyarekodi kwa sauti, tuyachapishe kwa karatasi, tuyatoe kwa ruhusa ya wazi ili mtu yeyote ayanakili. Masomo hayo yataingia katika kadi, katika redio ya wilaya, katika kikasha cha Kolibri, na katika jukwaa lolote la mtandaoni ambalo shule tajiri italipenda. Kampuni ikifilisika, au ikipandisha ada, masomo yatabaki. Leo tukilipa ada, tunapanga chumba. Siku tutakaposhindwa kodi, mizigo yetu itatupwa nje, pamoja na kazi za wanafunzi na alama zao.

Na muuzaji yeyote akija, chama kimpeleke kwanza mahali pasipo hoteli. Aonyeshe chombo chake siku nzima katika shule ya kijijini, bila jenereta yake na bila intaneti yake, mbele ya darasa zima, na mwalimu wa pale ndiye akiendeshe, si yeye. Ajibu kwa maandishi: tukiacha kulipa, tutabaki na nini? Mwalimu akiona kosa katika somo, anaweza kulisahihisha mwenyewe, au lazima aandike barua ng'ambo? Kikiharibika, fundi yuko wapi, Mbale au Bangalore? Taarifa za watoto zakaa nchi gani? Atakayeyajibu haya vizuri, mimi mwenyewe nitamnunulia sambusa.

Hoja itakapoletwa mkutanoni nitapiga kura ya kuikataa. Nitaomba pia mambo mawili yaandikwe katika kumbukumbu: kwanza, majina ya shule ambazo kamati ilizitembelea kabla ya kuchagua jukwaa hilo, na umbali wa kila moja kutoka barabara ya lami, pili, idadi ya walimu wa vidato viwili vya kwanza waliohojiwa. Wanachama wa Moroto, Bundibugyo na Kisoro wasioweza kufika kwa gharama ya safari wanaweza kuniandikia kupitia kwa mhariri, nami nitazisoma barua zao ukumbini kama zilivyo.